Kitako cha Mkono wa Kushoto

Restituta alikuwa na kawaida ya kusema, tena si kwa sauti ya kuungama, kwamba kutoka Hamugembe, mtaa wake wa Bukoba, mpaka mwisho wa wilaya ya Muleba hapajazaliwa mkono wa kuchonga kitako cha bunduki kama mkono wake. Ukishaanza kutikisa kichwa kwa heshima, mwenyewe anakuongezea: "Nimechonga vitatu. Kimoja kilirudishwa."

Hicho kilichorudishwa kilikuwa cha padri mmoja aliyekuwa akifukuza ngedere kwenye shamba la misheni. Alikuja amevimba uso, akalalamika kwamba kila akifyatua, kitako kinampiga kofi. Restituta akamwambia, "Baba, si wewe uliyetuhubiria habari ya kugeuza shavu la pili?" Padri akacheka mpaka akajishika taya, lakini kitako akakiacha pale pale.

Kazi hiyo alifundishwa na marehemu mumewe, Mutembei, aliyekuwa seremala wa kweli, si wa kupigilia misumari. Alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita, wanawe walitaka kuuza zana. Restituta akakalia sanduku la zana siku tatu za matanga, hakuinuka ila kwa haja, mpaka wakasahau. Tangu hapo karakana ndogo nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, ikawa yake: vipini vya majembe, vigoda, miko, kitanda mara moja moja. Hakuwa na kingine duniani cha kumwamsha asubuhi.

Ndiyo maana siku ya Jumanne, mvua ilipokatika, bodaboda ikamshusha mwanamume mrefu mwenye gunia la kahawa kwapani, na gunia lenyewe halikunuka kahawa, Restituta aliweka randa chini akamtazama kama anavyotazama ubao wenye bei nzuri mno.

"Shikamoo, Ma Restituta."

"Marahaba, baba. Jina langu umekuja nalo. La kwako umeliacha wapi?"

"Audax. Audax Kyaruzi. Natoka Kamachumu."

"Kamachumu ya wapi?"

"Kule kule Kamachumu, waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya.

Hapo Restituta akasikia kitu kikimtekenya shingoni. Mhaya ukimuuliza atokako hakuambii "kule kule." Anakuambia ukoo, anakuambia parokia, anakuambia mama yake aliolewa kutoka wapi na shangazi yake alikufa na nini. Mtu wa "kule kule" ana jambo.

Audax akafungua gunia. Ndani mlikuwa na kitako cha bunduki, mti mtupu bila chuma, kimevunjika shingoni vipande viwili.

"Nataka kingine kama hiki. Uniigizie vile vile, usipunguze, usiongeze."

"Kilivunjikaje?"

"Nilimpiga nacho jambazi." Akasema kwa haraka, kama aliyekuwa akijifunza njia nzima. "Nafanya biashara ya samaki kisiwani Goziba. Wakatuvamia ziwani, watu watatu. Nikampiga mmoja kichwani, kikakatika."

"Pole. Na wale wengine?"

"Nao nikawapiga. Wote wanne."

"Walizaana humo humo mtumbwini," alisema Restituta. "Na chuma chake kiko wapi?"

"Kipo salama."

"Na kibali?"

"Kipo pamoja na chuma."

"Wenyewe wamebaki nyumbani wanapiga soga. Basi nenda ukawalete."

Audax akaanza kujikuna kidevu. Alisema bunduki ni yake, ni halali, imesajiliwa, ila safari ya kuibeba mpaka Bukoba ina maswali mengi barabarani. Akaomba achongewe mti tu, chuma atakifunga mwenyewe. Mti mtupu si kosa, ama vipi? Restituta akageuza uso kuelekea barabarani. Alikuwa akimfikiria fundi Najibu.

Najibu alikuwa na karakana ng'ambo ya barabara. Mwaka juzi alimchongea mtu kitako cha gobori bila kumuuliza lolote, nalo gobori likakutwa kwenye ujambazi. Najibu alikaa mahabusu miezi saba, mpaka ilipojulikana kwamba hakujua. Alipotoka alikuta mbao zimeliwa na mchwa na zana zimeliwa na ndugu. Sasa anauza maandazi. Miezi saba kwa Najibu ilikuwa miezi saba. Kwa mwanamke wa miaka sabini na mbili ingekuwa maisha yote yaliyobaki. Na wanawe safari hii wasingesubiri matanga.

Jibu lilikuwa moja tu: funga gunia lako, baba, urudi kule kule.

Lakini juu ya dari ya jikoni, kwenye moshi, kulikuwa na ubao wa mfenesi ambao Mutembei mwenyewe aliupasua na kuuweka. Miaka yote hiyo ulikuwa ukikauka, ukigeuka kutoka njano ya kiini cha yai hadi rangi ya asali. Kila alipopika Restituta aliinua macho akauona. Ubao ule haukuwa wa kigoda. Mikono ya mtu mzee ina tamaa zake, na aibu haina.

"Nitachonga," alisema. "Ila mfereji wa chuma nitauacha umebana. Hakuna chuma kitakachoingia humo mpaka nikione mimi, na kibali mkononi, na mwenye bunduki mbele yangu. Kabla ya hapo hicho ni kipande cha kuni chenye umbo zuri."

"Mwenye bunduki si ndiye mimi?"

"Basi njoo nikupime."

"Hapana, usinipime, fuata cha zamani!"

Aliruka nyuma kama mtoto aliyeonyeshwa sindano. Restituta akacheka, akamwomba basi amshikie tu ncha ya uzi apime ubao. Audax akaushika. Uzi ukapita kwenye kiwiko chake ukaishia kwenye kidole cha kufyatulia, na Restituta akafunga fundo pale bila yeye kujua. Alipoondoka, akaulaza ule uzi juu ya kitako cha zamani. Mkono wa Audax ulizidi kitako kwa upana wa vidole vinne. Mtu huyo akiibeba bunduki hiyo, pua yake ingekaa juu ya kidole gumba.

Kisha akakigeuza. Kitako kizuri huwa na kivimbe upande mmoja, mahali pa kulaza shavu. Anayefyatua kwa mkono wa kulia hulaza shavu upande wa kushoto wa mti. Hiki kilikuwa na kivimbe upande wa kulia, na kilikuwa kimelainika kwa miaka ya shavu la mtu. Mwenyewe alikuwa shoto. Audax alifungua gunia kwa mkono wa kulia, akajikuna kwa mkono wa kulia, na malipo ya awali alituma kwa simu akibonyeza kwa mkono wa kulia.

Akakumbuka simu. Akatafuta miwani, akafungua ujumbe wa malipo. Fedha zilikuwa zimeingia, na jina la aliyetuma halikuwa Audax. Lilikuwa Edvina Kyaruzi.

Restituta akaenda kwenye ua wa jirani yake Mwamvita, ambaye alikuwa akichambua mchele, akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Kwa hiyo," alisema Mwamvita bila kuinua macho, "bunduki si yake, simu si yake. Mke anaye?"

"Hakusema."

"Basi alikuwa naye. Akaitwa Edvina."

"Mwamvita!"

"Mimi nachambua mchele tu, bibi. Wewe ndiye unayemchongea."

Usiku huo usingizi haukuja. Asubuhi, kwenye mwanga mzuri, Restituta alikichunguza kile kitako kilichovunjika inchi kwa inchi, na chini yake, pale kinapojikunja nyuma ya kifyatulio, akaona madoa. Madoa meusimeusi ya kahawia, yametiririka, yamekaukia ndani ya mti. Akaketi juu ya magogo. Mawe, mama yangu! Damu ya mtu, na ipo juu ya jiliwa lake la kubania mbao.

Kwenda polisi? Alijifunga kanga akafika mpaka getini mwake. Akajiona akieleza: nimepokea kitako, nimepokea malipo, nimekwisha kubali kazi, mwenye mali simjui. Hata yeye angejikamata. Akarudi.

Akachukua kitambaa chenye maji na sabuni, akasugua doa kidogo. Damu ya zamani huachia wekundu kidogo kwenye kitambaa, alijua, alikuwa amelea watoto sita. Kitambaa kikabaki cheupe. Akasugua kwa mafuta ya taa. Hakuna. Akakwangua kwa kucha, akanusa, akatazama vidole vyake mwenyewe, vile vya kumenya ndizi tangu ana miaka mitano, vyeusi kwenye mikunjo na visivyotakata hata kwa Pasaka.

Utomvu wa mgomba. Nguo ikishika utomvu wa mgomba unazikwa nayo.

Alipumua. Kisha akaacha kupumua. Goziba ni mawe na kambi za wavuvi. Ndizi zinafika kule kwa mtumbwi, zimekwisha katwa. Mtu anampigaje jambazi ziwani, bunduki ikarudi na utomvu wa mgomba? Alimpiga kwa mkungu?

Alichonga siku zile kwa mikono yenye furaha na moyo wenye homa. Mfenesi ule ulikatika kama jibini, ukatoa vumbi la njano lililomfanya apige chafya mpaka Mwamvita akamuuliza kama anavuta ugoro. Patasi, tupa, msasa mkali, msasa mlaini. Kivimbe cha shavu alikiacha mwisho, akakilainisha kwa kiganja, akajikuta analifikiria hilo shavu. Ni la nani? Liko hai?

Audax alipiga simu Jumatano. Akapiga tena Alhamisi.

"Ma Restituta, kiwe tayari kabla ya Jumamosi, tafadhali."

"Jumamosi kuna nini?"

"Kuna... misa."

"Bunduki nayo inapokea komunyo?"

"Nitakuja kukichukua kesho Ijumaa," akasema Audax, akakata.

Hapo Restituta akaamua. Hangemsubiri mtu huyo amkute peke yake karakanani. Ijumaa alfajiri alifunga mlango kwa kufuli mbili, akaviringisha kitako kipya na vipande vya kile cha zamani ndani ya kitenge, akavibeba mgongoni kama mjukuu, akatia patasi mbili na tupa kwenye kikapu, akapanda gari la Muleba. Kwa Mwamvita aliacha ujumbe: nisiporudi, zana asipewe mwanangu yeyote.

Kamachumu, kwenye njia panda, alimuuliza kijana wa bodaboda kama anamjua Edvina Kyaruzi.

"Edvina yule wa bunduki?"

Restituta akakaza fundo la kitenge. Kwa hiyo hakuuawa. Kwa hiyo yeye ndiye mkuu wa genge! "Huyo huyo," akasema kwa sauti iliyokatika. "Yuko?"

"Amerudi jana kutoka Mwanza. Panda, bibi. Mtoto umshike vizuri."

Mkuu wa genge alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mabega, umri wa miaka hamsini na kitu, ameketi barazani anamenya ndizi. Kisu kilikuwa mkono wa kushoto, kinapita kwenye ganda bila yeye kukitazama. Alimwamkia mgeni vizuri, akaingia ndani, akatoka na kisahani cha kahawa ya kutafuna. Alikuwa amekinyoosha kwa mkono wa kushoto, akashtuka, akakihamishia wa kulia.

"Unisamehe mkono, mama. Shuleni waliuchapa miaka saba, ukawashinda."

"Mkono wako hauna kosa," alisema Restituta. Akatafuna buni moja polepole, anamtazama lile shavu la kushoto. "Waitu, mwenye nyumba yuko?"

"Audax? Ameondoka asubuhi. Amekwenda kituoni Muleba kunichukulia bunduki yangu."

Restituta karibu ameze buni bila kutafuna. "Bunduki yako?"

"Nilikuwa askari wa wanyamapori, nimestaafu. Kibali ninacho miaka kumi na minne. Hapa ngedere wakizidi wananiita mimi." Akacheka. "Nilikuwa Mwanza wiki tatu, binti yangu amejifungua. Nilisema narudi Jumamosi, nikachoka na mkwe, nikarudi jana. Nimekuta kabati tupu. Audax ananiambia aliipeleka polisi kwa uhakiki." Akatia ndizi kwenye sufuria. "Ufunguo wa kabati nilimwachia kwa sababu ya moto. Uhakiki mwaka huu nilikwisha fanya. Lakini nikasema nisimshuku mtu niliyemzalia watoto watano."

"Mimi nimemzalia mtu sita," alisema Restituta, "na nilimshuku mpaka anazikwa."

Akafungua kitenge. Edvina, ambaye alikuwa ameinama kumwangalia mtoto, alibaki ameinama. Alikitazama kile kitako cha zamani kilichovunjika kwa muda mrefu, akakigusa pale penye kivimbe. Hakupiga kelele.

"Chuma kiko wapi?" aliuliza. "Mama, ile bunduki ina namba, na namba ina jina langu. Ikiwa mtu ameitumia, ni mimi ninayefungwa."

"Ni sisi wawili," alisema Restituta. "Ndiyo maana nimekuja."

Akamweleza yote: Goziba, majambazi watatu waliokuwa wanne, uzi, simu. Edvina akasema ile laini ilikuwa ya zamani, aliisajili yeye na mumewe akaichukua. Goziba? Audax hupanda mtumbwi? Audax akivuka mto Ngono kwenye daraja anasali rozari. Kisha Restituta akamwonyesha yale madoa.

Edvina hakuhitaji miwani. Akainuka, akamwashiria, wakaenda nyuma ya nyumba. Pale kwenye kibanja cha migomba palikuwa na mgomba mmoja mkubwa ulioanguka, shina limelala, mkungu umekwisha kukatwa.

"Huu niliuacha una mkungu wa watu wawili kubeba," alisema Edvina. "Ameniambia umeangushwa na upepo. Sasa niambie, mama. Mkungu wa namna hiyo unauacha bila kuutegemeza?"

"Hata mtoto mdogo hauachi."

"Miti yangu yote ya kutegemezea ile pale ukutani. Nimeihesabu. Hakuna hata mmoja uliovunjika."

Wanawake wawili wakautazama mgomba. Wakakitazama kitako, pale kinapojikunja, mahali ambapo shina la mgomba lingekaa sawasawa kama kwenye panda la mti.

"Hapana," alisema Edvina. "Hapana. Mtu mzima?"

"Alikuwa amekwenda kufukuza ngedere," alisema Restituta, akionja kila neno. "Akaona mgomba umeinama. Akasema, nitauegemeza na hii kidogo, nikalete mti."

"Na njiani kuna pombe ya lubisi kwa Nathanael. Mgomba ukaanguka, kitako kikakatika," alimalizia Edvina, na sasa alikuwa amekasirika vizuri, maana hofu ilikuwa imeanza kumtoka.

Chuma walikipata ndani ya nusu saa, ghalani, chini ya magunia ya kahawa, kimefungwa kwenye shuka la kitandani. Kilikuwa hakina risasi. Mdomo wa mtutu ulikuwa umeziba kwa udongo mweusi wa kibanja, na jani kavu la mgomba limechungulia humo kama ulimi. Edvina aliona udongo ule akakaa chini kabisa.

"Angenipigia jambazi," alisema. "Heri angenipigia jambazi kweli."

Kibali alikitoa kwenye sanduku lake mwenyewe, kina jina lake na picha yake. Restituta alivaa miwani akakisoma mara mbili, na namba akailinganisha na chuma, tarakimu kwa tarakimu. Sawa. Sawa tena. Moyo wake, uliokuwa umekunjwa tangu Jumanne, ukajinyoosha. Hakuna miezi saba. Hakuna mtu wa kugusa zana za Mutembei.

"Leta masizi ya sufuria," akasema.

Walifanya kazi mchana wote pale sebuleni. Edvina alisafisha mtutu kwa waya na mafuta. Restituta alipaka chuma masizi, akakilaza kwenye mfereji, akakiinua, akakwangua palipoachwa weusi, akalaza tena. Mara thelathini, mara arobaini. Ndizi zilisahaulika jikoni mpaka zikaanza kuungua. Saa kumi chuma kikazama ndani ya mfenesi taratibu, kama mtu anayejilaza kitandani mwake, wakakaza skrubu. Edvina akaibeba bega la kushoto, akalaza shavu, akafumba jicho.

"Mama," alisema. "Ni kama ulinipima mwenyewe."

"Sikukupima. Nilimpima mumeo, nikachonga kinyume."

Walikuwa bado wanacheka waliposikia miguu kwenye njia ya migomba. Edvina akailaza bunduki mkekani, mbele ya kisahani cha kahawa, akajifuta machozi. Restituta akabaki pale alipo, nyuma ya mlango, maranda ya njano yamemjaa mapajani.

Audax alianza kusema kabla hajafika barazani, kwa sauti ya mtu aliyetembea bure mpaka Hamugembe na kukuta kufuli mbili.

"Mke wangu, polisi wanakusalimia!"

"Salamu zimefika," alijibu Edvina. "Na bunduki?"

"Wamebaki nayo, mpaka Jumatatu. Foleni, mke wangu, foleni ya bunduki, hujaona! Lakini nimeiona kwa macho yangu. Mkuu wa kituo mwenyewe ameitoa kabatini akanionyesha."

"Ilikuwa nzima?"

"Nzima! Ameshika hivi kitako, akakipapasa, akasema, 'Ta Audax, mti kama huu siku hizi hauchongwi tena.'"

"Wiki hii wamechonga mmoja," ilisema sauti nyuma ya mlango.

Audax akaingiza kichwa. Akamwona Restituta na maranda yake. Akamwona mkewe, mikono myeusi kwa masizi. Mwisho, kama mtu anayetafuta pengine pa kuweka macho na kukosa, akaiona bunduki mkekani. Akaitazama.

"Ahaa," akasema. "Kumbe wameniwahi kuileta."

"Kwa gari la polisi?" aliuliza Edvina.

"Kwa gari la polisi."

"Huyu mama ndiye dereva?"

Audax alimtazama Restituta. Restituta akachukua buni moja kisahanini, akaitia mdomoni, akasubiri naye kusikia.